Semina ya kusudi haimsaidii afisa mikopo asiye na mamlaka

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Nilikuwa afisa mikopo, mwaka jana nikapewa umeneja wa tawi katika taasisi ndogo ya fedha. Nina maafisa mikopo 8. Niliingia fani hii kwa sababu napenda kuona akina mama wanainuka kibiashara, lakini siku hizi naamka sina hamu ya kazi, na maafisa wangu hivyo hivyo. Wawili wameacha kazi tangu Januari. Nililipa Sh 350,000 kwa semina ya siku mbili ya kutafuta kusudi la maisha. Nikaandika tamko langu, nao wakaandika yao, tukabandika ukutani. Wiki tatu baadaye tukarudi palepale. Mkufunzi anasema sikuingia ndani ya nafsi yangu vya kutosha, nilipie awamu ya pili. Nirudie, au niache kazi nikatafute kusudi langu la kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, usirudie. Na barua ya kuacha kazi iweke kwanza.

Kusudi lako umelitaja mwenyewe katika swali: akina mama wainuke kibiashara. Hilo halijapotea. Tatizo ni kwamba kazi ya tawi lako imepangwa kiasi kwamba hakuna anayepata nafasi ya kuliona likitimia, wewe wala maafisa wako. Kujichimba nafsi zaidi hakutabadilisha mpangilio huo. Wewe unaweza kuubadilisha, angalau kwa sehemu, kwa sababu ndiye meneja.

Kuna hesabu ambayo wauza semina hawaigusi. Katikati ya miaka ya 1970 Wamarekani Richard Hackman na Greg Oldham walitoa kipimo cha uwezo wa kazi kumpa mtu ari. Unatoa alama 1 hadi 7 kwa mambo matano: ujuzi mbalimbali unaotumika, kuifanya kazi mwanzo hadi mwisho, uzito wake kwa maisha ya wengine, uhuru wa kuamua, na mrejesho, yaani taarifa ya matokeo, unaotoka kwenye kazi yenyewe. Matatu ya kwanza yanajumlishwa na kugawanywa kwa 3, kisha unazidisha kwa uhuru, halafu kwa mrejesho. Kazi bora kabisa inapata 343.

Sasa mpime afisa mikopo wa kawaida. Ujuzi 5. Mwanzo hadi mwisho 2, maana anajaza fomu na kukusanya marejesho, lakini katikati, pale biashara inapokua au kufa, hayupo. Uzito 6. Uhuru 2, kwa sababu makao makuu ndiyo yanayoidhinisha kila mkopo, ila mteja akichelewa lawama ni zake. Mrejesho 2: anachopata ni orodha ya wadaiwa kila Jumatatu. Jumla yake ni 17. Semina ikifanikiwa kuliko matarajio, ikamshawishi kwamba kazi yake ni nzito mno, uzito unapanda hadi 7 na jumla haifiki hata 19. Lakini acha uzito ulivyo, pandisha uhuru na mrejesho hadi 4 kila kimoja: unapata 69. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu huko kuzidisha, wakaonyesha kuwa kujumlisha kunatosha, kwa hiyo usiitumie kama mizani ya duka. Itumie kujua kidonda kiko wapi.

Anza na uhuru. Andikia makao makuu ombi moja dogo: mteja aliyemaliza mzunguko wa kwanza bila kukosa rejesho hata moja aidhinishiwe mkopo wa pili na afisa wake, usiozidi ule wa kwanza, wewe ukisaini pembeni. Pendekeza miezi mitatu ya majaribio kwa maafisa wawili, kisha mlinganishe mikopo yao iliyochelewa zaidi ya siku 30 na ya wale sita waliobaki. Linaloharibu majaribio ya namna hii nalijua: mteja mmoja anashindwa kulipa, meneja anashtuka, ananyang'anya mamlaka, na kuanzia siku hiyo hakuna afisa anayethubutu kuamua chochote. Kwa hiyo kubalianeni mapema, kwa maandishi, ni wateja wangapi kati ya 20 wakishindwa kulipa bado mtaendelea. Kiwango chenu cha sasa cha mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyopaswa, kinatosha kuwa kipimo.

Kisha mrejesho. Kila afisa, mara moja kwa wiki, amtembelee mteja mmoja bila kitabu cha risiti. Iwe siku isiyo ya marejesho, dakika 20 hivi, aulize mtaji ulikwenda wapi, bidhaa gani zimekwama, siku mbaya anauza shilingi ngapi. Kikao cha Jumatatu kianze na visa viwili kabla ya orodha ya wadaiwa: mkopo uliomsaidia mtu na mkopo uliomuumiza. Hicho cha pili ndicho mameneja wanachokiruka, nacho ndicho chenye mafunzo. Mchukue mama wa mbogamboga aliyepangiwa marejesho ya kila wiki wakati mtaji wake umelala shambani miezi mitatu. Wiki ya nne anakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa, kukopa ili akulipe wewe. Kwenye kompyuta yako anaonekana mlipaji hodari, hajachelewa hata siku moja. Afisa aliyefika bandani kwake anajua ukweli, na ndiyo maana afisa huyo anakosa usingizi.

Kuonana na mnufaika si jambo la kubembelezana. Mwaka 2007 mtafiti Adam Grant alichapisha jaribio la wapiga simu waliokuwa wakichangishia chuo kikuu kimoja cha Marekani. Waliokutana kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo walikuwa, mwezi mmoja baadaye, wanatumia muda zaidi ya maradufu kwenye simu na kuleta fedha zaidi ya maradufu. Hawakuambiwa watafute kusudi. Walionyeshwa mtu. Ila usimgeuze mteja wako kuwa shahidi wa kupigia picha za mitandaoni. Hapo maafisa watanusa maigizo mara moja.

Na lile tamko la ukutani, lipime hivi: mwezi uliopita lilikufanya ukatae nini? Kama hakuna, ni pambo. Tamko la meneja linataja nani ananufaika, anapata badiliko gani, na ninyi hamtafanya nini. "Tawi hili halitoi mkopo ambao marejesho yake yanaanza kabla mtaji haujarudi." Hilo linauma, linapunguza malengo ya mwezi, na kila afisa anajua unasimama wapi.

Sasa hawa wakufunzi. Kinachonikera si bei, ni lile jibu lao la "hujaingia ndani vya kutosha". Dawa ikishindwa, kosa ni la mgonjwa, na tiba ni kununua chupa ya pili. Mganga yeyote wa barabarani anaijua mbinu hiyo. Bila shaka walikuchorea duara nne, unachokipenda, unachokiweza, dunia inachohitaji na unacholipwa, wakakuambia ni hekima ya kale ya Wajapani inayoitwa ikigai. Mchoro ule ulitoka kwa Mhispania Andrés Zuzunaga, mnajimu, miaka ya mwanzo ya 2010. Mwaka 2014 mwanablogu Marc Winn akaandika ikigai pale katikati, ukasambaa. Si dhambi kuuchora. Dhambi ni kumwambia mtu mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba kwamba duara zikikosa kukutana, aache ajira.

Upande wa pili wa biashara hiyo unanitia wasiwasi zaidi, pale mwajiri anapoinunua semina kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti juu ya watunza wanyama wa bustani za wanyama za Marekani na Kanada. Walioiona kazi yao kuwa wito walipata maana kubwa ndani yake, lakini pia ndio waliokuwa tayari zaidi kutoa mhanga mshahara, muda na starehe zao, na uongozi ungeweza kuwanyonya kwa urahisi. Walimu na wauguzi wetu hawahitaji utafiti kulijua hilo. "Ualimu ni wito" husemwa sana wakati posho imechelewa.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza afisa kusudi lake, fungua faili lake la likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 za likizo ya mwaka, saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu. Afisa anayefukuzia marejesho hadi saa mbili usiku, Jumamosi imo, akikuambia hana hamu, huenda amechoka tu. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu wa kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kujitenga na kazi au kuibeza, na kujiona huna ufanisi. Nyingi ya barua ninazoletewa za "nimepoteza kusudi" zimetaja zote tatu, na yako imekaribia. Chukua likizo yako kwanza, yote, simu ya kazi ukimwachia mwingine.

Makao makuu wakikataa hata yale majaribio ya maafisa wawili, hapo ndipo utafute kazi nyingine, tena ndani ya fani hiyohiyo. Kwenye usaili, wewe uwaulize: nani anaidhinisha mkopo wa pili, afisa anapimwa kwa nini zaidi ya marejesho, na mara ya mwisho meneja wa tawi alipokataa kutoa mkopo ili kumlinda mteja, ilikuwaje. Wakibabaika kwenye hilo la tatu, shukuru, uende zako.