Bakteria wa kusafisha baruti majini, kwani hawalipuki?

SWALI: Habari za kazi. Nimesikia eti kuna sehemu wanamwaga molasi chini ya ardhi ili bakteria wasafishe maji yaliyoingia sumu ya mabomu. Sasa mimi nauliza, huyo bakteria akishakula baruti halipuki? Na molasi ya nini tena, si apewe hiyo baruti tu ale?

JIBU: Nimecheka peke yangu hapa. Halipuki bwana. Kilipuzi kilipuke lazima kiwe kimejikusanya pamoja halafu kishtuliwe, hapa tunaongelea kitu kilichoyeyuka kwenye maji, kidogo mno. Kwa RDX, ambacho ndicho kilipuzi kinachosumbua zaidi chini ya ardhi, ushauri wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 2 kwa lita. Piga hesabu, ni gramu 1 ndani ya lita 500,000, yaani maboza 50 ya lita 10,000 na humo mote kuna ka gramu kamoja tu.

Molasi sasa. Bakteria kule chini wapo tayari, hakuna wa kuwafundisha, ila wana njaa. Ukiwapa sukari wanaishambulia kwa fujo na kuzaana, na kila wanachokula kinatoa elektroni (chembe ndogo sana za umeme) ambazo lazima zitupwe pahali. Kwanza wanazitupia oksijeni, ikiisha wanageukia nitrati, na hiyo nayo ikiisha ndo wanaanza kuitupia RDX, wanachomoa oksijeni kwenye makundi yake ya nitro (naitrojeni iliyoshikana na oksijeni) moja baada ya jingine mpaka ile pete ya molekuli inashindwa kusimama, inakatika vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo tukisema "wanakula baruti" tunajisemea tu, chakula ni molasi, RDX ni jalala lao. Ndo maana pia wengine wanatumia mafuta ya soya badala ya sukari, sukari inaisha haraka ila mafuta yanaliwa polepole huko huko chini.

Wapo lakini wanaokula kwelikweli, kina Rhodococcus na Gordonia, hawa wanafanya kazi hata penye oksijeni na wanachukua naitrojeni ya RDX kama mbolea yao, wana kimeng'enya kinaitwa XplA. Mimi hawa ndo nawapenda.

TNT, kilipuzi kingine cha mabomu, ni habari nyingine. Bakteria wanaibadilisha, ila mabaki yake mengi yanaenda kung'ang'ania udongo, kwa hiyo anayekwambia imeyeyuka na kupotea kabisa muulize vizuri.

SWALI: Hivi hiyo sumu inafikaje kwenye maji ya chini wakati bomu linalipukia juu?

JIBU: Siyo bomu la vitani tu. Umatilla, jimbo la Oregon, Marekani, kulikuwa na bohari ya jeshi, na kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1965 walikuwa wanasafisha maganda ya mabomu ya zamani kwa maji ya moto ili kutoa vilipuzi vya ndani. Yale maji machafu yaliachiwa kwenye mabwawa mawili ya kuchimbwa tu, chini hakuna zege wala nini, mchanga ukayanywa yote. TNT kwa sehemu ilinaswa na udongo wa juu, RDX haishikiki na udongo ikashuka moja kwa moja hadi kwenye maji. Mwaka 1997 wakaanza kuvuta maji kwa pampu, wanayapitisha kwenye kaboni (makaa maalum yanayonasa kemikali), wanayarudisha ardhini. Inafanya kazi ila ni kama kusuuza sponji, kila ukikamua bado linatoa povu. Ndo hapo baadaye wakajaribu kuingiza sukari ya fruktosi visimani, na hata kuwaongeza hao Gordonia.

SWALI: Kisima chetu kiko jirani na uwanja wa zamani wa mazoezi ya kulenga shabaha. Nikimwaga lita kadhaa za molasi si nitakuwa nimemaliza? Au nichemshe tu?

JIBU: Usimwage! Wenye kazi hii wanaingiza kwenye visima maalum halafu wana visima vingine vya kupima mbele, kule maji yanakoelekea. Wewe utalisha kila bakteria aliyemo, maji yatanuka kama mayai viza, chuma na manganizi vitayeyuka kutoka kwenye mawe, pengine na aseniki, na kisima kitajaa utelezi. Mbaya zaidi, kazi ikiishia katikati unabaki na vipande vya RDX vilivyovunjwa nusu, na vyenyewe hutaki kuvinywa. Kuchemsha nako bure, maji yanapungua, RDX inabaki humohumo. Wala usidanganyike na rangi, maji yenye TNT nyingi yakipigwa na jua yanageuka pinki, ila RDX haina rangi kabisa.

Acha kuyanywa kwanza, peleka sampuli maabara inayopima vilipuzi (upimaji wa kawaida wa wadudu wa tumbo hauoni kitu), majibu yakitoka vibaya chujio la kaboni linainasa RDX, ila ujue linajaa na linabadilishwa. Sampuli ichukuliwe kwenye chupa ya kioo cha kahawia, maana mwanga unaiharibu TNT njiani, iwekwe kwenye baridi mpaka ifike.