Rubani Aliyemuua King Kong

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tumebishana sana kuhusu filamu ya King Kong ya mwaka 1933. Yeye anashikilia kwamba mwongozaji wake alikuwa msanifu majengo aliyewahi kurusha ndege vitani, na kwamba ndiye anayeonekana ndani ya ndege inayompiga risasi gorila yule juu ya ghorofa. Mimi naona hizo ni hadithi za kijiweni. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako amekosea jambo moja tu, nalo ni hilo la usanifu. Merian C. Cooper, aliyeiongoza filamu hiyo pamoja na Ernest Schoedsack, hakuwa msanifu majengo, lakini urubani wake ulikuwa wa kweli na ulimtokea puani. Mwezi Septemba 1918 ndege yake ilitunguliwa na Wajerumani, ikashika moto, naye akaungua mikono na kuchukuliwa mateka. Mwingine angekoma, yeye alikwenda Poland, akasaidia kuunda kikosi cha marubani wa Kimarekani dhidi ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, akatunguliwa tena mwaka 1920, akakaa kifungoni miezi kadhaa hadi alipotorokea Latvia. Baada ya hapo ndipo alipoingia kwenye filamu, akianza na ile ya mwaka 1925 juu ya wafugaji wa Kibakhtiari wa Uajemi wanaovusha mifugo yao mtoni na kupanda milima yenye theluji.

Katika ndege ile inayompiga gorila, rubani ni Cooper mwenyewe, na anayefyatua risasi nyuma yake ni Schoedsack. Picha zao ni fupi mno, ndiyo maana wengi hawawatambui.

Usanifu nadhani umetoka kwa Willis O'Brien, fundi wa vinyago vya filamu hiyo, ambaye ujanani aliwahi kuchora ramani katika ofisi ya msanifu majengo. Gorila wake alikuwa kinyago cha takriban sentimita 46, chenye mifupa ya metali, mwili wa mpira na manyoya ya sungura, kilichosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, picha 24 kwa sekunde moja ya filamu. Mkiitazama tena, angalieni manyoya ya kifuani: yanatikisika kana kwamba yanapigwa na upepo, kumbe ni alama za vidole vya mafundi waliokuwa wakikishika.