Maswali ya Shambani: Kupima Jani Bila Kulichuma

Swali: Assalaam aleikum. Nina kishamba nyuma ya nyumba hapa Kisauni. Nimepanda mahindi matuta mawili: moja limetiwa samadi ya mbuzi, jingine halina kitu. Kwa macho naona lenye samadi lina majani makubwa zaidi, lakini mwanangu wa sekondari anataka nimpe namba. Jirani kasema nichume majani nikayapime, nami sitaki kuyavua mahindi nguo kabla hayajazaa. Hakuna njia nyingine? Na mabenda je?
*Msomaji, Kisauni*

Jibu: Wa aleikum salaam. Njia ipo, na kwa mahindi ni ya zamani sana. Pima urefu wa jani, pima upana wake, zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.75. Kizidishi hicho kilitolewa na mtafiti Montgomery huko Nebraska, Marekani, mwaka 1911, na hadi leo watafiti wa mahindi wanakitumia.

Sababu yake ni ya umbo. Lingekuwa jani la pembe nne kama ubao, urefu mara upana ungetosha, yaani kizidishi 1. Lingekuwa pembetatu, lingechukua nusu, 0.5. Jani la mahindi liko kati ya hayo: limejaa chini na katikati, kisha linachongoka.

Urefu uanze pale jani linapoachana na ala iliyoshika shina, penye kola nyeupe, uende hadi ncha, ukifuata mshipa mkuu. Ala usiihesabu. Upana upimwe mahali papana kuliko pote, si katikati kwa kukisia. Sogeza rula juu na chini mpaka upapate. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jani la urefu wa sentimita 80 na upana wa 9 lina eneo la 80 × 9 × 0.75, sawa na sentimita mraba 540. Ukikosea urefu kwa nusu sentimita, hesabu haitikisiki hata kwa asilimia 1. Ukikosea upana kwa nusu hiyo hiyo, umepotoka kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo utepe wa fundi cherehani unafaa kwa urefu, ila upana upime kwa rula ngumu yenye milimita.

Pima asubuhi. Jua la saa sita likikutana na udongo mkavu, mahindi hujikunja kama mkeka, na upana utakaousoma ni wa jani lililokunjwa. Upepo nao unataka watu wawili: mmoja ashike na kupima, mwingine aandike. Anayepima awe yule yule kwa matuta yote mawili, kwa sababu kila mkono una mazoea yake.

Majani machanga ambayo bado hayajatoa kola yapime sehemu inayoonekana tu, na kizidishi chake kiwe 0.5, kwani kilichochomoza ni kama pembetatu. Majani ya chini yaliyokauka yaache. Lakini kabla hayajaanza kufa, tia alama ya rangi kwenye jani la tano kutoka chini. Usipofanya hivyo, wiki tatu baadaye hutajua unaloliita la saba ni la saba kweli.

Chagua miche 10 kila tuta bila kupendelea iliyonawiri, na uruke ile ya pembeni, maana hupata mwanga na nafasi kuliko wenzake. Kwa kila mche jumlisha kwanza urefu mara upana wa majani yote yenye kola, kisha zidisha kwa 0.75 mara moja (machanga yajumlishe kando, kwa 0.5). Tuseme jumla ni 6,000: eneo ni 4,500. Kama umepanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja unamiliki ardhi ya 2,250. Gawanya, unapata 2, maana yake kila kipande cha ardhi kimefunikwa na majani ya ukubwa wake mara mbili. Hiyo ndiyo namba ya kumpa mwanao, kwa sababu inalinganishika hata na shamba lenye nafasi tofauti. Ukipanda miche miwili shimo moja, ardhi ya shimo igawe kwa mbili.

Jambo moja msilifiche: kulinganisha tuta moja na jingine moja hakuthibitishi kuwa samadi ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda lile jingine lina kivuli cha mwembe tu. Msimu ujao wa mvua za mwaka gawanyeni matuta vipande sita, mkipishanisha chenye samadi na kisicho nayo.

Mabenda hayana namba moja ya kuaminika. Majani ya chini ni mapana na hayakukatika sana, ya juu yamechanika kama kiganja. Kizidishi itabidi ukitengeneze mwenyewe, na hapo lazima uchume kidogo: majani 30 kutoka miche ya pembeni, madogo kwa makubwa. Pima urefu wa kila moja, kuanzia kikonyo kinaposhika jani hadi ncha, na upana wake. Kisha lilaze juu ya karatasi, lichore ukingoni, likate umbo hilo na ulipime uzito, maana uzito ndio utakaokupa eneo. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina sentimita mraba 623.7 na uzito wa karibu gramu 5, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai kitu. Omba ya sonara, inayosoma gramu 0.01, ambayo ni kama sentimita mraba 1.25. Na kwa unyevunyevu wa Mombasa karatasi hunywa maji hewani na kuongeza uzito. Kila unapopima maumbo, pima papo hapo na kipande cha 10 kwa 10 kilichokatwa kwenye karatasi ya paketi hiyo hiyo, ndicho kiwe kipimo chako: gawanya uzito wa umbo kwa uzito wa kipande hicho, zidisha kwa 100, unapata eneo la jani.

Jumla ya maeneo gawanya kwa jumla ya urefu mara upana. Mfano, 3,510 kwa 5,400 ni 0.65. Fanya hivyo kando kwa majani ya chini na kando kwa ya juu. Zikitofautiana, tumia mbili. Kisha jaribu kwa majani mengine matano ambayo hayakuwamo kwenye hesabu.

Swali: Je, picha ya simu haitoshi?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Inatosha kwa jani moja moja lililolazwa. Liache kwenye mche, lipitishie karatasi nyeupe nyuma, weka mraba wa kipimo pembeni na ubane kwa kioo. Programu ya bure ya ImageJ itahesabu. Mraba uwe usawa mmoja na jani: simu ikiwa sentimita 40 juu ya karatasi na jani limeinuka 2, eneo litasomeka kubwa kwa asilimia 11 hivi. Ukipiga kutoka mita 1 kosa hushuka hadi 4. Piga kivulini, simu isiiname. Picha ya shamba zima kutoka juu ni jambo jingine: inaonyesha ardhi iliyofunikwa, wala haiyaoni majani yaliyojificha chini ya wenzake.

Swali: Na muhogo, wenye majani ya vidole?
*Msomaji, Changamwe*

Jibu: Pima urefu wa kidole cha katikati, hesabu vidole, zidisha, kisha tengeneza kizidishi chako kama kwa mabenda, kila mbegu na chake. Majani yaliyokunjamana kwa ugonjwa wa batobato yatoe kwenye hesabu. Na mkichuma kisamvu, pimeni kabla ya kuchuma.