Nywele Zisizo na Ugonjwa: Maswali na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu nywele, na nimechagua saba. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha ili kila aliyeniandikia abaki na siri yake.

Swali (Mwanza): Shikamoo shangazi. Niliacha kutia nywele dawa ya kunyoosha miaka mitatu iliyopita, lakini nywele zangu zinafika masikioni tu. Dada zangu wanasema nywele za kipilipili hazikui. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na ushahidi ulikuwa kichwani mwako miaka yote uliyotia dawa. Ulikuwa ukirudi saluni kila baada ya wiki kadhaa kwa sababu nywele mpya zilikuwa zimechomoza kwenye mizizi, na nywele zisizokua zisingehitaji kurudiwa dawa. Unywele wa binadamu hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na wetu mara nyingi hukua polepole kidogo kuliko hapo. Hata tukihesabu sentimita 9 au 10 tu kwa mwaka, kwa miaka mitatu umeotesha karibu sentimita 30, hivyo la kujiuliza ni zimekwenda wapi.

Sehemu yake haijakwenda popote. Unywele wa kipilipili huota ukiwa umejipinda, na unapokauka hujikunja kama springi hadi ukaonekana nusu ya urefu wake au pungufu ya hapo. Shika kishungi kidogo cha nywele za kisogoni, kiloweshe, kinyooshe taratibu kando ya futi ya fundi cherehani, kisha andika kipimo na tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu, palepale pa kwanza, na uwaonyeshe dada zako hicho ulichoandika.

Sehemu iliyobaki imekatika. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi katika unywele ulionyooka, lakini katika unywele uliojipinda hayafiki nchani, na kila unapojipinda ndipo unapoweza kuvunjika. Kwa hiyo anayechana nywele zikiwa kavu, asubuhi, kwa haraka ya kuwahi daladala, hupoteza kwa siku moja alichokuza kwa wiki kadhaa. Zigawanye nywele mafungu manne au sita, zipulizie maji, fumua mafundo kwa vidole, kisha tumia chanuo lenye meno mapana ukianzia nchani na kupanda kuelekea kwenye mizizi. Mafuta yafuate maji, yasitangulie, kwa kuwa mafuta hayaleti unyevu bali huuzuia usitoke. Bibi zetu wa pwani hawakukosea kuhusu nazi: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, ukaona kuwa ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa sababu yana uwezo wa kupenya ndani yake. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, na ncha zilizochakaa zikate bila huruma, kwa maana ufa wa nchani hupanda juu.

Swali (Nairobi): Nina miaka 38 na nimetia dawa nywele tangu nilipomaliza darasa la nane. Rafiki yangu ameniambia kuwa dawa hizi huleta saratani. Naogopa, lakini pia sijui nywele zangu halisi zinafananaje.

Jibu: Dada yangu, nitakujibu kwa utaratibu, kwa kuwa jambo hili limezungukwa na vitisho vingi na pia kupuuzwa kwingi.

Utafiti ambao rafiki yako huenda ameusikia ulitolewa Oktoba 2022 na taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya na mazingira. Ulifuatilia wanawake 33,497 wa Marekani, wenye umri wa miaka 35 hadi 74, kwa muda wa karibu miaka 11. Ulikadiria kwamba miongoni mwa wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, na kwamba miongoni mwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, kiwango hicho kingefika asilimia 4.05. Rangi za nywele hazikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Utafiti wa aina hii huonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine, na hata katika kundi la watumiaji wakubwa walio wengi hawakuugua. Hata hivyo, mimi nisingeendelea kutia dawa kila mwezi kwa kutegemea kwamba jambo halijathibitishwa. Ukipata damu ya hedhi isiyo ya kawaida, au kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali mapema na umweleze daktari kwamba umetumia dawa kwa miaka mingi.

Ni vyema pia ujue ulichokuwa ukipakwa. Dawa za aina ya zamani zina kostiki soda, ileile ambayo watengenezaji wa sabuni huichanganya na mafuta. Zile zinazouzwa kuwa ni laini zaidi, na ambazo huchanganywa papo hapo kutoka vyombo viwili, zina chokaa iliyozimwa. Zote hufanya kazi moja, yaani kuvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo lake, na ndiyo sababu ngozi huwaka na wakati mwingine huachwa na vidonda. Nadhani lugha yetu imetuponza hapa. Tulikiita kitu hiki dawa, na penye dawa lazima pawe na ugonjwa. Msichana wa miaka 14 akiambiwa kwamba sasa amekua na atiwe dawa, anafundishwa kwamba kichwa alichozaliwa nacho kilikuwa kikiumwa muda wote huo.

Kuhusu kuziona nywele zako halisi, una njia mbili. Unaweza kunyoa ukaanza upya, na kichwa chako utakijua baada ya miezi michache tu. Au unaweza kuacha dawa, ukasuka misuko myepesi, na kupunguza ncha kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au zaidi, ukikumbuka kwamba pale nywele mpya zinapokutana na zile za dawa ndipo zinapokatika kwa urahisi zaidi. Jihadhari pia na huduma za saluni zinazoitwa keratini, kwa kuwa baadhi yake hutoa moshi wa fomaldehidi zinapopigwa pasi, na fomaldehidi inajulikana kusababisha saratani.

Swali (Morogoro): Binti yangu ana miaka saba na shuleni kwao lazima wanyoe. Tangu alipoletewa mwanasesere mwenye nywele za singa, akirudi nyumbani hujifunga kanga kichwani akaiacha ining'inie hadi mgongoni, akisema hizo ndizo nywele zake. Nimemkataza mara nyingi. Nifanye nini?

Jibu: Usimkataze, mama. Ni wachache kati yetu ambao hawakufanya hivyo kwa kanga, kwa sweta la shule au kwa taulo, na mtoto anayecheza hatendi kosa. Uchungu wako naujua, lakini hautokani na kanga.

Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili Weusi wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto Weusi wadogo wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri, na baadhi yao walihuzunika walipotakiwa kuonyesha yupi anafanana nao. Matokeo hayo yalitajwa mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilipopiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Watoto wale hawakuzaliwa na jibu lile. Walilisikia na kuliona mahali fulani.

Kwa hiyo nakuomba ujisikilize mwenyewe unapomhudumia kichwa chake au chako. Je, husema "haya manywele magumu"? Husema kwamba jirani ana nywele nzuri, ukimaanisha zimelala? Anza hapo, kwa kuwa hapo ndipo unapopaweza leo. Pili, mshoneeni mwanasesere wa kitambaa cha rangi yake, mkiwa pamoja, na nywele zake ziwe za uzi mweusi wa kufumia, nyingi kiasi cha kusukika. Atajifunza kushona, na atajifunza kusuka mabutu na mistari kwenye kichwa kisicholia. Kazi hiyo itawapa Jumamosi kadhaa za mazungumzo.

Na kuhusu kunyoa, mweleze ukweli kwamba ni kanuni ya shule na si adhabu kwa nywele zake. Mimi ningependa shule zitofautishe usafi na upara, kwa sababu msuko wa mistari sita ni safi, na wasichana wengi wa Kenya husoma wakiwa nao. Lakini upara wenyewe usiwe aibu nyumbani kwenu. Mwonyeshe picha za Flaviana Matata, ambaye mwaka 2007 aliiwakilisha Tanzania katika Miss Universe kule Mexico City, mara ya kwanza kwa nchi yetu kushiriki, akapanda jukwaani akiwa amenyoa na akaingia kumi bora. Aliendelea kuwa mwanamitindo wa kimataifa, akiwa bado amenyoa.

Swali (Dodoma): Nina dredi safi, nazifunga kisogoni. Meneja wangu mpya amesema dredi ni za wahuni, na kwamba nizikate kabla ya kuthibitishwa kazini. Nina watoto wawili, nitakataaje?

Jibu: Mdogo wangu, sitakuamuru ukatae, kwa sababu mshahara ni wako na watoto ni wako. Ninachokushauri ni kwamba usikate kwa neno la mdomo. Omba kwa upole uonyeshwe kanuni ya mavazi ya ofisi kwa maandishi, na uulize ni kifungu gani unachokivunja. Mara nyingi kanuni hudai usafi na unadhifu, mambo ambayo tayari unayo, na yaliyosalia huwa ni maoni ya mtu. Mahali pengine wamelazimika kulimaliza jambo hili kisheria: California ilipitisha mwaka 2019 sheria inayokataza ubaguzi kwa sababu ya nywele za asili na mitindo yake, kazini na shuleni, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba shule moja ya Nairobi ilikosea kumwondoa msichana Mrastafari kwa ajili ya dredi zake. Maamuzi hayo hayafiki Dodoma, lakini yanaonyesha kwamba unachokitetea si ukaidi wako peke yako.

Na neno "wahuni" linanikera kweli. Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha field marshal katika Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya, aliingia msituni miaka ya 1950 na akatoka na dredi alizozitunza hadi Aprili 2022, zilipokatwa kwa heshima mbele ya umma, mwaka mmoja na ushee kabla ya kufariki kwake. Mwanamke yule alizibeba nywele hizo kama ushahidi wa deni ambalo nchi yake ilikuwa haijamlipa.

Swali (Tabora): Nywele zangu za pembeni zimeisha. Nikisuka naumwa kichwa siku mbili, msusi anasema nivumilie.

Jibu: Usivumilie. Maumivu, vipele vyeupe kwenye mizizi na ngozi ya uso kuvutika ni dalili kwamba nywele zinang'olewa taratibu. Zikiachwa mapema huota tena. Zikivutwa kwa miaka, mzizi hufa na kovu hubaki. Fumua leo, pumzisha pembeni kwa miezi kadhaa, na ukisuka tena iwe twende kilioni ya mistari michache bila rasta za kuongezea. Msusi asiyekubali kulegeza mkono, mwache.

Swali (Muscat): Bibi yangu alizaliwa Unguja na ndiye aliyenifundisha kujitanda kanga. Nimeona nywele za mbele zinakatika. Je, niache kanga?

Jibu: Usiiache hata kidogo, binti yangu. Kanga ni pamba, nayo hunyonya mafuta na kuzisugua nywele, hasa pale inapokaza juu ya paji la uso. Vaa kofia nyepesi ya satini ndani yake, au mwambie fundi akushonee kipande cha satini upande wa ndani, mahali panapokaa kichwani. Ukilala pia, foronya iwe ya satini.

Swali (Kigamboni): Nina miaka 44, na nataka kujifunza kuogelea na binti zangu. Wenzangu wananicheka kwamba nitaharibu nywele na kwamba kuogelea si kwa mwanamke wa rika langu. Kofia za kuogelea nilizojaribu haziingii juu ya misuko yangu.

Jibu: Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Kofia hazikuingia kwa sababu waliozibuni walifikiria kichwa chenye nywele chache zilizolala. Vijana wawili wa London walianzisha mwaka 2017 kampuni ya Soul Cap kwa ajili ya nywele nyingi, misuko na dredi. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kimataifa la kuogelea lilizikataa kofia hizo kwa madai kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Katika michezo hiyohiyo Alice Dearing alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki, katika mbio za kilomita 10. Kelele zilikuwa nyingi, na Septemba 2022 shirikisho lile likaziidhinisha. Kwa hiyo tafuta kofia kubwa ya silikoni inayouzwa kwa ajili ya misuko, na usikubali kuambiwa kwamba kichwa chako ndicho chenye kasoro.

Kabla ya kuingia bwawani, zilowanishe nywele kabisa kwa maji safi, kwa kuwa nywele zilizokwisha kushiba maji hazinywi klorini nyingi, kisha pakaa mafuta ya nazi na uvae kofia. Ukitoka, suuza papo hapo, osha kwa shampuu laini, na urudishe unyevu kabla ya kulala. Ukiogelea baharini fanya vivyo hivyo, maana chumvi hukausha. Misuko yako iwe minene na isiyokaza, ili maji yapite na ikauke upesi, kwa sababu misuko inayobaki mbichi hadi usiku hunuka na kuwasha. Tafuta mwalimu mwanamke ikiwa utajisikia huru zaidi naye, anzeni kwenye maji yanayofika kifuani, na binti zako wajifunze kuelea kabla hawajajifunza kwenda mbele, nawe pia.