Sindano ile iliitwaje?

Tangu nilipoeleza katika safu hii jinsi jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ilivyoniharibia sikio la ndani, nimepokea maswali mengi kuliko ninavyoweza kuyajibu. Leo nayajibu machache. Ila kwanza niseme lililonikera: wengi mnaandika "nilichomwa sindano" mkaishia hapo. Sindano gani? Siku ngapi? Bila jina la dawa, mimi na daktari wako sote tunapapasa gizani.

Shikamoo mama. Nilichomwa sindano za UTI siku saba mfululizo, na sasa ni mwezi wa tano. Nikilala sina shida. Nikisimama nayumba kama mlevi, na nikipita Barabara ya 10 naona vibao vya maduka vinacheza. Nitapona? (Msomaji, Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Hivyo vibao vinavyocheza ndivyo vilivyonishtua. Kila unapopiga hatua kichwa kinaruka kidogo, na sikio la ndani huyaambia macho yarudi nyuma kwa kiasi hichohicho ili unachokitazama kitulie. Kazi hiyo inafanywa na chembe ndogo zenye vinyweleo. Jentamaisini ikiingia humo inaweza kuziua, na kwa binadamu hazioti tena. Mara nyingi huathiri masikio yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana huoni dunia ikizunguka bali unayumba tu. Na mara nyingine shida huanza baada ya sindano ya mwisho, wakati mtu ameshajiona amepona, kwa hiyo hahusishi kabisa hayo mawili.

Mwambie daktari wa masikio neno "jentamaisini", kama ndiyo uliyochomwa. Kapekue daftari lako la matibabu leo.

Kupona kama zamani sikuahidi. Kuishi vizuri, naam. Ubongo hujifunza kutumia macho na nyayo badala ya sikio, lakini haujifunzi ukiwa umelala kitandani. Nyoosha mkono, inua dole gumba, likazie macho, halafu geuza kichwa kushoto na kulia haraka kiasi ambacho kucha bado unaiona vizuri. Dakika moja, pumzika, kisha kichwa juu na chini. Rudia mara tatu hadi tano kwa siku. Utachefuka mwanzoni. Mimi nilianza nikiwa nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na ilinichukua wiki kadhaa kuweza kufanya nikiwa nimesimama. Pale hospitali muulize mtaalamu wa mazoezi tiba, akupe mengine.

Usiku ndio adui yako. Alfajiri moja umeme ulikatika nikiwa natoka chumbani kwenda uani. Macho hayakuona kitu, sikio halikuniambia kitu, nikaangukia ndoo ya maji na kupasuka nyusi. Tangu siku hiyo tochi inalala chini ya mto wangu. Baiskeli iache kwanza, najua kwetu Tanga kumwambia mtu hivyo ni kama kumkata miguu. Mchanga mlaini wa pwani nao unazinyima nyayo habari, basi tembea sehemu ngumu, na fimbo mkononi bila aibu. Mimi naenda nayo soko la Mgandini, na wauza samaki wananipisha.

Sasa la kwangu, ambalo hukuniuliza. Huo mkojo ulioteshwa maabara ikajulikana ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi? Ulipimwa figo? Dawa hii inatoka mwilini kwa njia ya figo, na figo zikizembea inarundikana na kuyala masikio. Mwenye figo mbovu, mzee, anayechomwa siku nyingi, au anayetumia pia Lasix, dawa ya kukojosha, hatari yake ni kubwa zaidi. Hata mwenye figo nzima anayepewa kipimo sahihi anaweza kuathirika, kwa hiyo sisemi kila aliyekuchoma alikosea. Nasema ulistahili kuambiwa: ukisikia kuyumba, masikio kupiga kelele au kuziba, sema kabla ya sindano inayofuata. Mimi mwenyewe sikuambiwa. Siku ya nne niliyumba, nikajibiwa ni homa, nikachomwa ya tano.

Na tabia ya kupita duka la dawa bila cheti cha daktari, mtu analalamika kiuno na kukojoa mara kwa mara, anaitwa "UTI sugu" na kupigwa sindano nyuma ya pazia, ikome. Si kila kiuno kinachouma ni UTI.

Lakini kina mama, msinielewe vibaya. Kichanga akipata maambukizi ya damu, jentamaisini pamoja na ampisilini ni miongoni mwa dawa zinazomwokoa. Msimkatalie mtoto sindano hospitalini kwa sababu ya maneno yangu.

Dawa gani inamaliza kizunguzungu?

Hili naletewa kila wiki. Hakuna. Kizunguzungu ni dalili, kama homa. Kwanza nieleze: dunia inazunguka? Unayumba? Au macho yanaingia giza ukisimama ghafla? Hayo ni mambo matatu tofauti.

Stugeron na Stemetil hutuliza mzunguko mkali kwa siku chache tu. Ukizimeza miezi, zinauchelewesha ubongo kujifunza, na Stugeron ikitumiwa muda mrefu, hasa kwa wazee, inaweza kuleta kutetemeka mikono na kukakamaa mwili. Nimewaona watu wanazinunua kama peremende.

Na ikiwa kizunguzungu kimekuja ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, usiniandikie mimi. Kimbia Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu, saa hiyohiyo.

Masikio yangu yameziba miezi minane, kama ninavyoyasikia gari likishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, ila haya hayazibuki. Daktari alichungulia akasema ni masafi. Jirani ananitilia mafuta ya kitunguu saumu. (Mama wa Muheza)

Dada yangu, mwambie jirani ahsante, na mafuta ayarudishe jikoni. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, yale mafuta yanapita mpaka ndani. Karafuu vilevile, na vijiti vya pamba pia.

Daktari hakukudanganya. Alichokiona ni sikio la nje na ngoma yake. Hisia ya kujaa inaweza kutoka kwenye mrija unaounganisha sikio na koo, kwenye taya, au kwenye sikio la ndani, ambako tochi yake haifiki. Ikiwa ilianza baada ya dawa, taja jina la dawa hiyo na uombe kupimwa usikivu kwa mashine. Kama kuziba kunakuja na kuondoka, pamoja na mvumo, usikivu kushuka na dunia kuzunguka kwa dakika ishirini hadi saa kadhaa, mtajie daktari yote hayo, maana upo ugonjwa wa Ménière unaofanya hivyo. Mara nyingi huyo mgonjwa hushauriwa kupunguza chumvi, na chumvi yetu imejificha kwenye ng'onda na achari.

Usibane pua na kupuliza kwa nguvu kila mara ili kuyazibua. Kupiga miayo na kumeza mate kunatosha. Kwangu, shinikizo la masikioni hupanda nikikosa usingizi na nikikaa karibu na spika za harusi, hivyo nimeshajifunza kukaa mbali na spika.

Jambo moja halisubiri: sikio likizima kabisa ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, nenda siku hiyohiyo. Tiba yake inafaa zaidi mapema, na wiki zikipita nafasi inapungua.

Nikisujudu, dunia inazunguka kama nusu dakika, kisha inatulia. Hata nikijigeuza kitandani. Ni sindano niliyochomwa mwaka juzi?

Sidhani. Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye vijiwe vidogo vya sikio la ndani vilivyohama mahali pake. Daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba anayekijua kitendo cha Epley atakugeuza kichwa na mwili kwa mpangilio, dakika chache tu, na wengi hupata nafuu. Msitupie kila kitu sindano, hata mimi niliyeumizwa nayo nasema hivyo. Kuhusu sala, ruhusa ya mgonjwa kuswali amekaa unaijua. Muulize sheikh wako namna, usianguke msikitini.

Mimi ni mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga. Nilitibiwa kwa sindano, sasa natembea nikiyumba. Naweza kurudi kuzamia?

Hapana. Chini ya maji hakuna nyayo, na maji yakiwa na giza hakuna macho. Asiye na sikio la ndani anaweza kushindwa kujua juu ni wapi, akaogelea kwenda chini. Hata uvuvi wa dagaa wa usiku uache kwa sasa. Najua ni riziki yako. Omba kazi ya nchi kavu, ya nyavu au ya kupima samaki, mpaka upimwe.

Mume wangu alipimwa usikivu, ukawa mzuri. Ndugu zake wanasema anajisingizia, au ana jini.

Mumeo hajisingizii kwa sababu hiyo. Kusikia na mizani ya mwili, inayokuzuia kuyumba, vinakaa jirani, lakini ni vyumba viwili, na jentamaisini hupenda zaidi chumba cha mizani. Jaribu hili mbele yao: mkalishe mbali kidogo na kalenda ya ukutani, asome herufi ndogo kabisa anazoziona. Kisha mshike kichwa taratibu, mtikise kushoto na kulia kama mara mbili kwa sekunde, asome tena. Herufi zikimpotea kwa mistari mitatu au zaidi, mpelekeni kwa daktari wa masikio mkiwa na habari hiyo. Kama shingo inamuuma, msijaribu.

Daftari limepotea. Nitajuaje niliyochomwa?

Rudi ulikochomwa, waombe waangalie rejista, taja tarehe. Wakikupa jina, waombe wajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, maana ni haki yako. Kisha uliza upande wa mama yako: yupo aliyewahi kuwa kiziwi baada ya sindano, labda za streptomaisini za kifua kikuu? Kuna udhaifu wa sikio kwa dawa za kundi hili unaorithiwa kwa mama. Jina la dawa liandike kwenye kadi ya bima, na uwaandikie dada zako na watoto wao.