Maswali na Majibu: Raha Ndogo za Safari za Ulaya

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaofunga mizigo au walio tayari safarini. Wanauliza wale nini, jioni waipitishe wapi, pesa kidogo waitumie vipi. Nimefurahi sana, maana hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi tangu nihamie Uholanzi.

*Shikamoo mama. Naenda Roma kwa semina ya siku tatu na posho ni ndogo. Naambiwa hata maji ni ghali. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba mwanangu. Maji usinunue kabisa. Mitaa ya Roma ina mabomba ya chuma yaitwayo nasoni, yaani "pua kubwa", kwa sababu ya mrija wake uliopinda. Yalianza kuwekwa miaka ya 1870 na sasa yanazidi 2,000. Maji yake ni salama, yanatiririka mchana na usiku, na hata Agosti hutoka baridi. Ukikosa chupa, ziba mdomo wa mrija kwa kidole: juu yake kuna kitundu, na maji yataruka kupitia hapo, uyakinge kwa mdomo. Watoto wa Kiroma hufanya hivyo wakitoka shule.

Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta. Ukiketi mezani, hasa karibu na viwanja maarufu, bei hupanda sana. Kikombe ni kidogo kama cha kahawa chungu ya barazani kwetu, ila soga lake halizidi dakika tatu, kisha kila mtu anakwenda zake. Kaa hapo kaunta uwasikilize. Ni semina nyingine hiyo.

*Sisi ni familia ya Kiislamu kutoka Mombasa, tutapita Ubelgiji na Uholanzi. Vyakula vya mtaani tule vipi bila wasiwasi? (Baba Salma)*

Baba Salma, nianze na onyo moja. Chipsi za Ubelgiji zinastahili sifa zake: hukaangwa mara mbili, kwanza kwa moto wa wastani ziive ndani, kisha kwa moto mkali zipate ukoko. Lakini mafuta yake ya jadi ni ya ng'ombe, na hamjui ng'ombe huyo amechinjwa vipi. Ulizeni kabla ya kuagiza, kwani wapo wanaokaangia mafuta ya mimea.

Uholanzi, kimbilieni samaki. Kuanzia katikati ya Juni huja heringi mpya, aliyelala kwenye chumvi bila kupikwa, analiwa na kitunguu kilichokatwakatwa. Najua mtu wa Pwani atashtuka kusikia samaki asiyeguswa na moto. Mimi pia nilishtuka, nikaonja kipande, na sasa kila Juni napanga foleni. Nyama yake ni laini na ina mafuta, na kitunguu huukata ule uzito.

Ila mkiwa na siku moja tu, nawaomba muitumie The Hague, kwenye soko liitwalo Haagse Markt. Hufunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Jina la mji huo wengi wetu tulilizoea kwa habari za mahakama, lakini kwangu mimi ni mji wa soko. Kuna mihogo, bamia, ndizi za kupika, pilipili za kila rangi. Matunda huuzwa kwa bakuli, bei moja kwa bakuli zima, kama fungu kwetu, na jioni soko likikaribia kufungwa wauzaji huanza kupaza sauti na kushusha bei. Siku ya kwanza nilipozisikia sauti zile nilisimama na kikapu changu nikashindwa kuondoka.

Watu wenye asili ya Suriname, koloni la zamani la Uholanzi huko Amerika Kusini, ndio waliosambaza mlo wa roti huko: chapati laini, kuku wa mchuzi wa bizari, viazi, yai na maharage marefu ya kijani. Mababu zao wengi waliletwa Suriname kutoka India kufanya kazi za mashamba kuanzia 1873, na mapishi yakasafiri nao. Sehemu nyingi ni halali, lakini ulizeni. Salma atakula kwa mkono na hakuna atakayemshangaa.

*Watoto wamechoka na makumbusho ya Amsterdam. Tuwapeleke wapi? (Mama wa wawili)*

Nyuma ya stesheni kuu kuna vivuko vya bure kwa watembea kwa miguu, kama Likoni. Pandeni cha NDSM, kama robo saa majini, mshuke kwenye karakana za zamani za meli. Wabebeeni sambusa.

*Dada, napenda treni kuliko kitu chochote, ila tiketi zinanimaliza. (Msomaji, Brussels)*

Ndugu yangu, Luxemburg iko jirani yako. Tangu 2020, treni, tramu na mabasi ya nchi nzima ni bure kwa kila mtu, hata mgeni. Hulipiwa daraja la kwanza la treni tu. Ukivuka mpaka, nenda kaskazini hadi Clervaux. Reli inafuata mabonde yenye misitu, unaona mto, unaingia handakini, unatoka na kuuona tena. Rudi mji mkuu jioni ushuke kwa lifti ya kioo ya Pfaffenthal, mtaa wa bondeni, nayo ni bure.

*Mama yangu anakuja Vienna Desemba. Miguu inamsumbua na baridi anaiogopa. (Kijana, Vienna)*

Mpe mama salamu zangu. Mpeleke kwenye nyumba za kahawa za zamani. Kahawa huletwa kwenye sinia dogo pamoja na glasi ya maji, na mtu akishaagiza kikombe kimoja anaweza kukaa saa nzima na zaidi bila kuharakishwa. Kwa mzee hilo lina thamani kuliko keki, ingawa keki pia mnunulie.

Mkitoka, tafuteni vibanda vya maroni, kokwa kubwa za hudhurungi zinazochomwa kando ya barabara, zenye ladha inayokaribia kiazi kitamu. Moshi wake utamkumbusha mahindi ya kuchoma. Hutiwa kwenye karatasi zikiwa za moto. Mwambie azishike kwanza mikononi mpaka vidole vipate joto, ndipo aanze kuzimenya.