Kilomita Nane Nilizobakiza

Juma lililopita msomaji mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba mtu wa umri wangu bado anaweza kutembea kilomita 30 kwa siku, kama nilivyojigamba mwanzoni mwa mwaka. Jibu ni kwamba nilijaribu nikashindwa, na kwa kuwa majigambo yalikuwa ya hadharani, sina budi kukiri hadharani.

Tulikuwa watu saba kwenye barabara ya changarawe inayokatiza mashamba, nami nilikuwa nimevaa saa ya kuhesabu hatua pamoja na viatu vipya, kosa ambalo nimewaonya wengine kwa miaka mingi. Nilipofika kilomita ya 22 niliketi kwenye ukingo wa kalavati, nikavua soksi iliyolowa jasho, nikakuta kisigino kimetoka lengelenge kubwa kama sarafu. Wenzangu walinipungia mkono wakaendelea na safari, na mmoja wao akasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri, kwamba wazee waachiwe bustani. Maneno hayo bado yananichoma kuliko lile lengelenge.

Nilikaa pale karibu saa nzima nikimsubiri mwanangu aje kunichukua. Mwanzoni niliitazama saa tu, kisha nikachoka kuitazama, nikaanza kuona vilivyokuwa mbele yangu: majani ya kando ya barabara yaliyogeuka rangi ya udongo kwa vumbi, isipokuwa upande wa chini ambao ulikuwa kijani kibichi, msururu wa sisimizi waliolizunguka jiwe moja dogo kana kwamba ni mlima, na maji yaliyopita chini yangu taratibu, nisiyoweza kuyaona ila kuyasikia. Nilikuwa nimetembea kilomita 22 bila kuona chochote cha namna hiyo. Utotoni nilitembea nyuma ya marehemu baba kwenye barabara kama hizi, naye alikuwa hasemi kitu, bali alisimama tu na kunyoosha fimbo kuelekea ndege au mti, nasi tukiisha kutazama tukaendelea. Hakuwahi kuniuliza tumepiga hatua ngapi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu wote, ni huu: iacheni saa nyumbani. Lengo la hatua 10,000 ambalo wengi wetu tunaliabudu halikuanzia kwa madaktari, bali lilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lenyewe lilitaja hatua hizo elfu kumi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika hizo mtu huzipata bila kujitesa.

Mengine ni machache, lakini nayasisitiza kwa sababu mimi mwenyewe niliyapuuza. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, uvivae nyumbani kabla ya kuvipeleka mbali. Pasipo njia ya waenda kwa miguu, tembea upande unaokuwezesha kuyaona magari yanayokujia, kwa maana gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, na hakuna sikio linaloweza kushindana na hesabu hiyo. Jua likiwa chini mgongoni mwako, ujue kwamba dereva anayekujia linampiga machoni, na pengine hakuoni kabisa. Toka barabarani, na usimdai heshima mtu aliyepofuka. Na tafadhali, viatu vipya, hapana. Nimekwisha kusema, lakini nasema tena.

Rudieni pia barabara ileile, kwani anayetafuta barabara mpya kila wiki anakusanya majina ya barabara tu, na ninyi mnaowaacha nyuma wenzenu wenye malengelenge mjiulize mnakimbilia wapi.

Jumamosi nilimwomba mwanangu anishushe kwenye kalavati lile. Kilomita 8 zilizokuwa zimebaki nilizimaliza peke yangu kwa saa tatu kasoro dakika chache, nikiwa na viatu vyangu vikuukuu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nimesimama.